Bustani ya Umma si Ardhi Iliyolala

Katika mji mkubwa karibu kila kitu kina bei. Kiti cha mkahawa hukaliwa na mwenye kununua chai. Kitanda cha hoteli hulaliwa na mwenye kulipa. Kivuli cha barazani ni cha mteja, na asiye mteja huambiwa asogee. Hata chooni huingii ila kwa sarafu mkononi. Basi mtu aliyetoka nyumbani na nauli ya kwenda na kurudi tu, atapumzika wapi jua likiwa utosini? Jawabu ni moja: katika bustani ya umma. Huko ndiko sebuleni kwa asiye na sebule, na kivulini kwa asiye na mti. Anayeingia haulizwi kabila lake, wala dini yake, wala kina cha mfuko wake.

Nataka kuitetea bustani hiyo mbele yako, msomaji, kwa sababu ina maadui wengi. Adui aliye mkubwa kuliko wote si shoka wala tingatinga. Ni neno. Neno lenyewe ni hili: kwamba ardhi ile "imelala". Mimi ni mwalimu katika mji wa Kiserian, chini ya milima ya Ngong, na neno hili nalisikia sokoni, ndani ya matatu, na hata katika chumba cha walimu. Dalali hulisema akipita na mnunuzi. Tajiri hulisema akitazama uwanja wenye nyasi. Maskini naye hulirudia, asijue kwamba anayesemwa ni yeye. Ardhi isiyo na nyumba, wasema, imelala. Na iliyolala yafaa iamshwe kwa matofali.

Watu hawa huitazama ardhi kama bwana mkali anavyomtazama mtumishi: asipomwona na mzigo kichwani, humwita mvivu. Lakini si kila kazi ni ya kubeba mizigo. Mapafu hayabebi matofali, wala hakuna mtu mwenye akili aliyeshauri yatolewe kifuani ili mahali pake patiwe kitu cha faida.

Usinisadiki kwa maneno matupu. Nenda ukaone. Siku utakapofika Nairobi, tafuta Jeevanjee Gardens, bustani ndogo iliyo kati ya Moi Avenue, Muindi Mbingu Street, Moktar Daddah Street na Monrovia Street. Ingia saa saba mchana, ukae kimya, utazame. Utamwona karani aliyetoka ofisini kupunga hewa. Utamwona mhubiri aliyesimama na kitabu, na wasikilizaji wake, na wapitao wasiosikiliza. Utawaona watu wamesimama duara wakijadili mambo ya serikali kwa sauti kubwa, kila mmoja waziri kwa muda wa dakika tano. Utamwona kijana mwenye bahasha ya vyeti, ambaye amezunguka tangu asubuhi akitafuta kazi, amelala chali juu ya nyasi na bahasha iko kifuani. Je, hii ndiyo ardhi iliyolala? Waliolala ni watu wachache waliochoka. Ardhi yenyewe iko macho na yafanya kazi kuliko ghorofa zinazoizunguka, maana yawatumikia wote kwa siku moja bila kumdai hata mmoja.

Nilipata kuwapeleka wanafunzi wangu huko baada ya ziara ya masomo mjini. Tulipofika langoni, mmoja wao alisimama, akatia mkono mfukoni, akaniuliza, "Mwalimu, hapa tunalipa wapi?" Nilipomwambia kwamba hakuna malipo, aliitazama bustani kwa mashaka, kama mtu aliyepewa zawadi na mgeni asiyemjua. Swali lile si la kuchekwa. Tumewalea watoto wetu hata wakaamini kwamba mahali pazuri ni lazima pawe pa mtu fulani, na kwamba wao hupaingia kwa hisani au kwa fedha. Mtoto asiyejua kwamba anacho, ataibiwa mchana kweupe asipige kelele.

Na wezi hawakukosa kuja. Bustani ile ilitokana na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi, akatajirika katika ujenzi wa reli ya Uganda, na akaanzisha gazeti ambalo siku hizi ni The Standard. Mwaka wa 1906 aliwapa watu wa Nairobi kiwanja hicho wakati mji wenyewe ulikuwa bado mchanga, wa mabati na matope. Mwaka wa 1991, wakati Jeevanjee alikuwa amekufa zamani na hawezi kujitetea, ulitokea mpango wa kuijenga bustani ile, pawe na maduka na maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama akaupinga mpango huo hadharani. Wananchi wakamwunga mkono, na mpango ukashindwa. Zingatia jambo hili, msomaji: kiwanja kilichotolewa bure kwa umma na mtu mmoja kilikaribia kuchukuliwa na watu wachache, nacho kilisalimika kwa sababu tu palikuwa na waliosema hapana.

Kisa cha Uhuru Park ni kikubwa zaidi. Bustani hiyo ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwezi wa Mei 1969. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 1989, uliletwa mpango wa kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60, ambalo lingekuwa makao ya gazeti la chama tawala na ya chama chenyewe. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua kupinga. Aliwaandikia wakubwa wa nchi, akawaandikia na wageni waliohusika, akiwauliza kama wangekubali jumba la namna hiyo lijengwe katika Hyde Park ya London au Central Park ya New York. Malipo yake yalikuwa nini? Wabunge walimkejeli bungeni. Shirika lake liliamriwa litoke katika ofisi za serikali lilimokuwa. Kesi aliyoipeleka mahakamani ilitupwa. Lakini wakopeshaji wa nje walirudi nyuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 jumba lile likaachwa bila kujengwa. Mwanamke mmoja mwenye kalamu alizuia ghorofa 60.

Sasa fikiri: kama jumba lile lingesimama, nini kingekosekana? Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa katika pembe ya Uhuru Park, wakafunga kula, wakitaka watoto wao waachiliwe. Walipigwa na askari, lakini pembe ile ikaitwa Freedom Corner hata leo. Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa huko mbele ya umati usiohesabika. Tarehe 27 Agosti 2010 katiba mpya ya Kenya ilitangazwa huko. Na mwaka wa 2011, Wangari Maathai alipofariki, ibada ya kumuaga ilifanywa huko huko, juu ya nyasi alizoziokoa. Mambo hayo yangefanyikia wapi? Juu ya dari la maegesho? Taifa lisilo na uwanja wa kukutania ni kama ukoo usio na ua: kila mtu amejifungia chumbani mwake, na habari za jamaa husikika ukutani.

Najua majibu ya wapinzani wangu, nami sitayakimbia.

Wa kwanza husema, "Bustani ni makao ya wavivu na wezi." Ni kweli kwamba katika bustani nyingine watu wameporwa, hasa jioni. Lakini dawa ya nyumba yenye mende si kuiuza nyumba. Mwizi hupenda mahali palipoachwa. Penye watu wengi hana raha. Tazama Msitu wa Karura. Palikuwa na miaka ambayo mtu hakuthubutu kuingia peke yake. Tena ulinyemelewa na waliotaka kuugawanya uwe viwanja vya nyumba, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi langoni kwa kosa la kutaka kupanda mti. Msitu uliokolewa, ukazungushiwa ua, ukatengenezewa njia za miguu, na siku hizi familia hutembea humo na watoto wadogo, ingawa kiingilio chake ni kikwazo kwa maskini. Miti haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba watu waliingia na wezi wakatoka. Ama huyo anayeitwa mvivu, nauliza: tajiri akikaa kwenye bustani ya hoteli alasiri nzima, twasema anapumzika, maskini akikaa kwenye benchi la umma nusu saa, kwa nini twasema ni mvivu? Tofauti yao si kazi. Ni risiti.

Wa pili husema, "Hayo ni mambo ya Nairobi. Sisi wa Kajiado tuna milima na mbuga. Bustani ya nini?" Huyu yafaa ajibiwe kwa upole, kwa sababu ni jirani yetu, na asemayo yalikuwa kweli zamani za baba yake. Lakini nchi imebadilika asitazame. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1999 ilikuta katika Kajiado watu 406,054. Ya mwaka wa 2009 ilikuta 687,312. Ya mwaka wa 2019 ilikuta 1,117,840. Katika miaka ishirini tumezidi mara mbili na nusu, na wageni wengi hawakwenda mbugani. Walikuja Ongata Rongai, Ngong, Kitengela na kwetu Kiserian. Simama katika barabara ya Magadi utazame kando zake: ploti, ua wa mabati, seng'enge, lango la chuma, ploti tena. Mbuga ipo, lakini iko nyuma ya kufuli. Mlima upo, lakini mlima ni wa siku ya safari, na mgeni wa Ngong Hills hutozwa ada. Bibi mwenye maumivu ya magoti hapandi mlima kila jioni. Mtoto wa miaka sita hatumwi peke yake kileleni akacheze. Bustani ya mtaa ni ya kila siku, ya umbali wa miguu, ya mtu aliye na nusu saa tu kati ya kazi na kupika.

Shuka stendi ya Kiserian siku ya Jumamosi, unionyeshe mahali ambapo mzee aweza kukaa kivulini bila kununua kitu. Nionyeshe mahali ambapo vijana waweza kusoma pamoja bila kufukuzwa. Watoto wetu huchezea mpira njiani, mmoja akiwa mlinda lango na mwingine mlinda magari, akipiga kelele kila bodaboda inapokuja. Tukiwaambia waondoke njiani, yatupasa kwanza tuwe na jawabu la swali lao: waende wapi?

Tena maji hayana mahakama ya kushitakia. Ardhi ikifunikwa yote kwa saruji, mvua hutafuta njia yake yenyewe. Aprili na Mei 2024 tuliona mafuriko yakiingia nyumbani mwa watu Nairobi, na Kitengela pia. Sisemi bustani moja ingezuia mafuriko yale. Nasema kwamba nyasi hunywa maji na saruji huyatema, na mji usioacha nyasi hujichimbia mto katikati ya vitanda vyake.

Wa tatu husema, "Kaunti haina fedha, na ardhi ni ghali." Huyu ndiye mwenye hoja nzito, nami namjibu kwa hoja yake mwenyewe. Ikiwa ardhi ni ghali leo, kesho itakuwaje? Bunge la Jimbo la New York lilipitisha sheria ya kupata ardhi ya Central Park mwaka wa 1853, na bustani ikaanza kufunguliwa mwaka wa 1858, wakati nyumba nyingi za mji zilikuwa bado mbali upande wa kusini. Leo hakuna hazina iwezayo kuinunua ardhi ile. Hata hivyo walikuwa wamekwisha kuchelewa kidogo, na kuchelewa kule kulikuwa na dhuluma ndani yake: watu waliokuwa wakiishi pale waliondolewa, wakiwemo Wamarekani weusi wa kijiji cha Seneca Village waliokuwa na nyumba na makanisa yao. Tukitenga mapema, twatenga nyasi. Tukitenga mwisho, twabomoa nyumba za wanyonge.

Wala si lazima kila mara kununua. Ardhi kubwa inapokatwa kuwa ploti, mpango wake hupita mikononi mwa serikali ya kaunti ili uidhinishwe. Hapo ndipo pa kuuliza: katika ploti hizi zote, umma umeachiwa nini? Na kilichoachwa kilindwe, kwa maana kuacha si kulinda. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka wa 2003, ilitoa mwaka uliofuata taarifa ndefu ya ardhi za umma zilizogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Ardhi zile zilikuwa na ramani. Kilichokosekana ni macho ya watu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata yenye daftari hupotea, ikiwa mwenye mali hasomi.

Watu wengine hudhani kwamba kutenga ardhi kwa ajili ya wote ni fikira ya kigeni iliyoletwa na Wazungu pamoja na reli. Si kweli. Wamaasai, wenyeji wa nchi hii, hutenga karibu na boma malisho yaitwayo olopololi. Malisho hayo ni ya ndama na ya wanyama wagonjwa au dhaifu, wasioweza kwenda mbali. Fahali mwenye nguvu hutazama nyasi zile nzuri, na hupitishwa kando. Sasa mwite dalali wetu aje asimame penye olopololi aseme kwamba imelala. Wazee watamcheka, kwa sababu hata mtoto mchungaji ajua kwamba nyasi zile zawangoja wenye haja nazo. Bustani ya umma ndiyo olopololi ya mji. Imetengwa kwa ajili ya mtoto, mzee, mgonjwa, asiye na kazi na asiye na fedha. Mwenye nguvu anayo malisho mengine mengi. Anapovunja ua na kuingiza mifugo yake humo, hajaiamsha ardhi iliyolala. Amewala ndama.

Basi wewe msomaji, ufanye nini? Usiniambie kwamba ungali mwanafunzi. Wangari Maathai alianza kwa barua, na barua hata wewe waweza kuiandika.

Kwanza, itembelee bustani. Haki isiyotumiwa huota kutu, na bustani isiyokaliwa huwa ushahidi mikononi mwa anayetaka kuichukua. Ukienda Nairobi, usiishie madukani. Kaa kwenye benchi la umma, usome kitabu, uonekane.

Pili, iheshimu. Mtu atupaye ganda la ndizi kwenye nyasi za umma asema kwa tendo lake kwamba mahali pale si pa mtu. Na mahali pasipo pa mtu, mwizi hupapatia mtu. Usivunje tawi, usichafue chemchemi, usichore jina lako juu ya gome la mti. Jina lako lisomwe katika barua, si katika jeraha.

Tatu, uliza. Kifungu cha 35 cha katiba ile iliyotangazwa Uhuru Park chakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 62 chaeleza ardhi ya umma ni ipi. Kifungu cha 37 chakupa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko kwa wakubwa. Nendeni, wanafunzi wa kidato kizima, pamoja na mwalimu wenu, kwa mwakilishi wa wadi. Msiende kwa fujo wala kwa matusi. Ombeni kuonyeshwa ramani ya mji wenu, muweke kidole juu yake, na mwulize kwa adabu: "Mheshimiwa, mahali pa wote ni wapi?" Akiwaonyesha, nendeni mkapakague kwa macho, mkapande miti. Akishindwa, andikeni, na barua ya pili ifuate ya kwanza, na ya tatu ifuate ya pili.

Tutakuwa watu wa namna gani miaka thelathini ijayo, wakati Kiserian na Kitengela zitakapokuwa miji mikubwa na ninyi mtakuwa wazazi? Mvi zenu zitatafuta kivuli. Watoto wenu watatafuta nyasi. Ikiwa leo mtanyamaza mkaambiwa kwamba ardhi imelala, mtakikuta kivuli hicho kinauzwa kwa saa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Nasi hapa, tusipoweka ua mdogo kuizunguka ardhi ya wote, tutajikuta sisi wenyewe nje ya kuta za watu wengine, tukiuliza tunalipa wapi.